Saba iliyokaa mahali pa tatu: kisa cha mlinganyo mmoja wa mstari mnyoofu

Swali lilikuwa fupi: andika mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita kwenye nukta (−2, 7) na (4, −5). Mwanafunzi wangu alilimaliza kwa dakika chache, akanisogezea daftari, akaanza kuchonga penseli. Kazi yenyewe ilikuwa safi, haina kufutafuta. Nainakili kama alivyoiandika, m ikiwa mteremko wa mstari na c ikiwa mahali unapokata mhimili wa y:

m = (−5 − 7) / (4 − (−2)) = −12 / 6 = −2

c = 7

y = −2x + 7

Jibu ni y = −2x + 3. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, na nusura niikate ile saba, niandike tatu pembeni, tuendelee na swali la pili. Kilichonizuia ni mstari wa kwanza wa kazi yake. Kuipata −2 pale ni lazima utoe namba hasi, ujue kwamba kutoa hasi mbili ni kuongeza mbili, kisha ugawanye hasi kwa chanya. Wengi huangukia hapo. Yeye alipita salama, halafu akaanguka mahali pasipo na hesabu yoyote. "c = 7" imeandikwa tu, bila hatua, kama mtu anavyojaza tarehe kwenye fomu. Huwezi kukosea hesabu ambayo hukuifanya. Kwa hiyo hili halikuwa kosa la hesabu. Kichwani mwake kulikuwa na kanuni, na kanuni hiyo ndiyo iliyomletea saba. Nilitaka kuiona.

"Saba umeitoa wapi?"

"Kwenye nukta, mwalimu. Ndiyo y yake."

"Nukta ipi?"

"Ya kwanza."

"Na kama ungeanza na ile nyingine?"

Akaangalia swali tena. "Ningeweka −5."

"Basi tungekuwa na y = −2x + 7, na pia y = −2x − 5. Mstari ni huohuo mmoja?"

Nilidhani hapo nimemkamata. Akafikiri kidogo, akajibu: "Si ulisema mstari mmoja unaweza kuandikwa kwa milinganyo mingi?"

Ni kweli nilisema, siku chache kabla. Nilimwonyesha kwamba 2x + y = 3 na 4x + 2y = 6 ni mstari mmoja, kwa sababu wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa mbili kila upande. Yeye akalichukua jambo la kweli na kulitumia kulinda jibu lisilo la kweli, na kwa alichokuwa anakijua hadi saa ile, alikuwa na haki. Sikuwahi kumwambia kwamba ukishaiacha y peke yake upande wa kushoto, uhuru huo unakwisha: mstari usio wima una namna moja tu ya kuandikwa hivyo, m moja na c moja. Sababu yake ni nyepesi. Weka x = 0 kwenye y = mx + c; kinachobaki ni y = c. Milinganyo yake miwili ingekuwa ya mstari mmoja, mstari huo ungekata mhimili wa y mara mbili, kwenye 7 na kwenye −5. Mstari usio wima huukata mara moja tu. Nilipomwambia hivyo alikubali haraka, haraka mno kwa kweli, kwa namna ya mtu anayekubali kwa sababu mwalimu amesema.

Jioni nililirudia daftari lake kurasa za nyuma. Hapo ndipo kisa kilipobadilika, kwa sababu mkosaji aliyeonekana pale alikuwa mimi.

Mazoezi niliyokuwa nimempa kabla ya siku hiyo yalikuwa manane, na yote manane yalikuwa na alama ya vema. Katika sita kati yake, nukta ya kwanza ilikuwa juu ya mhimili wa y: (0, 5) na (3, 11), (0, −1) na (2, 7), za aina hiyo. Nilizichagua makusudi ili aanze na zilizo rahisi. Mawili yaliyobaki yalikuwa mistari ya mlalo, kama ule unaopita (1, 4) na (6, 4). Sasa ichukue kanuni yake, "c ni y ya nukta ya kwanza", uipitishe kwenye mazoezi yote manane. Inatoa jibu sahihi kila mara. Hakuwa amekosa kusikiliza. Alikuwa amesikiliza mifano, na mifano ilisema jambo ambalo maneno yangu hayakusema. Maneno yangu yalikuwa "c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y". Mifano yangu ilisema "chukua y ya kwanza unayoiona". Mtoto yeyote mwenye akili atashika lile fupi.

Kwa anayefundisha, nadhani hili linafaa kuchunguzwa kwa hesabu kabisa, si kwa maneno tu. Kanuni ya mwanafunzi inakosea kwa kiasi gani, na lini haikosei? Tuseme nukta ya kwanza ni (p, q) na mteremko ni m. Nukta ikiwa juu ya mstari, basi q = mp + c, kwa hiyo c iliyo sahihi ni q − mp. Yeye anaandika q. Tofauti ni mp: mteremko mara x ya nukta aliyoichagua. Katika swali letu ni (−2)(−2) = 4, na kweli saba imezidi tatu kwa nne. Angeanza na nukta ya pili, tofauti ingekuwa (−2)(4) = −8, na kweli −5 iko chini ya 3 kwa nane. Na mp huwa sifuri katika hali mbili tu: x ya nukta ikiwa sifuri, au mteremko ukiwa sifuri. Yaani nukta iliyo juu ya mhimili wa y, au mstari wa mlalo. Hizo ndizo hali mbili nilizompa, sita za kwanza na mbili za pili, na sikumpa nyingine. Ningekuwa na nia ya kuificha kanuni mbovu isigundulike, nisingepanga mazoezi vizuri kuliko hivyo.

Tulipokutana tena sikuigusa fomula. Nilimpa karatasi ya miraba, nikamwomba achore nukta zote mbili na kisha mstari aliouandika, y = −2x + 7. Alianzia (0, 7), akaenda kulia mmoja, chini miwili, akafika (1, 5), (2, 3), (3, 1), (4, −1). Penseli ikasimama. Nukta ya swali, (4, −5), ilikuwa miraba minne chini yake. Akarudi upande wa kushoto: (−1, 9), (−2, 11). Nukta ya swali, (−2, 7), nayo ilikuwa miraba minne chini.

"Nne na nne," akasema.

Mstari wake ulikuwa sambamba na mstari sahihi. Kila mahali umepanda juu yake kwa nne, wala hausogei karibu wala mbali. Hilo lenyewe ni taarifa kubwa: linasema mteremko ni mzima na kilichoharibika ni kimo tu. Kama angekosea mteremko na kupatia c, mistari miwili ingekutana kwenye mhimili wa y kisha ikaachana zaidi na zaidi. Mchoro wa kosa unakwambia kosa liko kwenye herufi ipi, na huwa nasikitika kuona mchoro ukitumiwa mwishoni kama pambo.

Nikamuuliza: "Uko kwenye (−2, 7). Unataka kufika kwenye mhimili wa y. Hatua ngapi?"

"Mbili."

"Kila hatua mstari unafanya nini?"

"Unashuka mbili." Kidole kikapita juu ya miraba: (−1, 5), kisha (0, 3). Akalitazama lile tatu kwa muda. Halafu akaendelea bila kuambiwa, (1, 1), (2, −1), (3, −3), (4, −5), na alipotua kwenye nukta ya pili akaizungushia duara.

Hapo saba ilikuwa imepata maelezo yake. Saba ni kimo cha mstari pale x ilipo −2. Tatu ni kimo cha mstari pale x ilipo 0. Katikati kuna hatua mbili za kushuka, mbili mbili, na hizo ndizo nne zilizopotea.

Niseme kidogo juu ya neno mteremko, maana hapa lilituponza. Katika Kiswahili cha kila siku mteremko hushuka. Kinachopanda ni mwinuko. Aljebra imevitia vyote viwili katika namba moja na kuiachia alama iamue: ukitembea kuelekea kulia, chanya ni kupanda, hasi ni kushuka. Wapo wanaokwepa utata huo kwa kusema gradienti. Mimi nabaki na mteremko, ila mwanzoni huwa nasema "mteremko wa −2, yaani unashuka mbili kwa kila moja", mpaka sikio lizoee. Mwanafunzi huyu aliwahi kuniuliza kama mstari unaopanda una mteremko. Nililichukulia kama swali la lugha. Sasa naona lilikuwa swali la hisabati.

Kutembea kwa miraba ni kuzuri, lakini kuna mahali kunakwama, na nilitaka kukwame mapema akiwa bado na hamu. Nikampa (2, 1) na (5, 3). Mteremko ni 2/3: kulia tatu, juu mbili. Akaanza kurudi nyuma kutoka (2, 1): kushoto tatu, chini mbili, akatua (−1, −1). Ameuruka mhimili wa y. Hatua yake ni ndefu kuliko safari.

"Nimepita," akasema.

"Ulitakiwa urudi ngapi?"

"Mbili." Kimya. "Mbili mara theluthi mbili." Akaandika 4/3 pembeni, akatoa kutoka kwenye 1, akapata −1/3. Mlinganyo: y = (2/3)x − 1/3. Nilitamani kumwambia kwamba ameandika q − mp kwa mkono wake mwenyewe, ila niliona afadhali abaki nayo kama safari kwanza. Fomula ingekuja, na ilikuja dakika ishirini baadaye, kutokana na swali lake mwenyewe: kama lazima kila mara kurudi hadi kwenye mhimili wa y ndipo uandike.

Si lazima. Na hapa ndipo naona vitabu vingi vimepanga mambo kinyume. Huanza na y = mx + c kana kwamba ndiyo maana ya mstari, kisha umbo la nukta na mteremko huletwa baadaye kama fomula nyingine ya kukariri. Kumbe hilo la pili halina cha kukariri. Mstari mnyoofu una sifa moja inayoutofautisha na mikunjo yote: chukua nukta zozote mbili juu yake, mteremko kati yao ni uleule. Basi. Tuna nukta moja tunayoijua, (−2, 7). Chukua nyingine yoyote, hatujui ipi, tuiite (x, y). Ikiwa iko juu ya mstari wetu, mteremko kutoka (−2, 7) hadi kwake lazima uwe −2:

(y − 7) / (x + 2) = −2

Huo tayari ni mlinganyo wa mstari. Zidisha pande zote kwa x + 2:

y − 7 = −2(x + 2)

Fungua mabano: y − 7 = −2x − 4. Ongeza saba: y = −2x + 3. Tatu imejitokeza bila kuitafuta.

Mwanafunzi alisimama kwenye mabano. "Nukta ina −2. Mbona mabano yana kujumlisha mbili?"

Ni swali ambalo wengi hulimeza, na wakilimeza huja kulitapika mwaka unaofuata kwenye duara na parabola. Jibu la haraka ni kwamba x − (−2) ni x + 2. Jibu ninalolipenda zaidi ni kuuliza mabano yanapima nini. Yanapima umbali wa kwenda kulia kutoka kwenye nukta yetu. Ukiwa kwenye nukta yenyewe, umbali huo lazima uwe sifuri. Weka x = −2 kwenye x + 2: sifuri. Weka kwenye x − 2: hasi nne, yaani kipimo kinadai uko mbali na mahali uliposimama. Alifanya majaribio hayo mawili, akaandika pembeni "mabano = sifuri nyumbani". Sikumfundisha maneno hayo, na nimeyaazima tangu hapo.

Kuna jambo dogo ambalo sikumwambia siku hiyo, nalitaja hapa kwa anayependa mambo yakae sawa. Umbo la kwanza, lenye kugawanya, linaitenga nukta (−2, 7) yenyewe, kwa sababu pale unapata sifuri juu na sifuri chini. Ni mstari wenye tundu moja. Kuzidisha kwa x + 2 kunaliziba tundu hilo, na nukta inarudi kwenye mstari wake. Kwa hiyo ile hatua si usafi wa kuondoa sehemu tu.

Kisha nikamwomba arudie kuanzia nukta ya pili. Akaandika y + 5 = −2(x − 4), akafungua: y + 5 = −2x + 8, y = −2x + 3. Akatabasamu. Hapa sasa kulikuwa na milinganyo miwili isiyofanana sura, y − 7 = −2(x + 2) na y + 5 = −2(x − 4), na yote ni ya mstari mmoja. Ndilo lile alilokuwa ananitetea nalo siku ya kwanza, safari hii likiwa mahali pake. Nikamkumbusha. Akasema alijua tu kwamba lilikuwa kweli mahali fulani.

Baada ya hapo nilimwonyesha njia ya tatu, na nakiri kwamba nikianza upya na mwanafunzi mwingine, huenda hii ndiyo nitakayoanza nayo. Hatujui m wala c. Ila nukta zote mbili zimo kwenye mstari, kwa hiyo kila moja lazima iutimize mlinganyo y = mx + c:

7 = −2m + c

−5 = 4m + c

Toa wa pili kutoka wa kwanza: 12 = −6m, m = −2. Rudisha: 7 = 4 + c, c = 3. Ni ndefu kidogo, na wanafunzi wenye haraka huinung'unikia. Lakini haiwezekani kabisa, ukiifuata, kuandika c = 7. Kila nukta inahojiwa nzima, x na y yake pamoja. Kosa la mwanafunzi wangu lilikuwa kuichukua y ya nukta na kuiacha x yake mlangoni.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha kisa chote. Kwake, y = mx + c ilikuwa fomu yenye nafasi mbili za kujaza. Ukishapata namba ya nafasi ya m na namba ya nafasi ya c, umemaliza. X na y ni mapambo yaliyochapwa kwenye fomu tayari. Nilipomwomba siku ya kwanza ahakiki jibu lake, alihakiki kama anayehakiki fomu: −2 ipo, 7 ipo. Hakuona cha kupachika mahali pa x na y, kwa sababu hakuwa anaziona kama nafasi. Lakini neno lenyewe, mlinganyo, limetokana na kulingana. Ni dai kwamba upande huu unalingana na ule, na dai hilo ni la kweli kwa baadhi ya nukta na la uongo kwa nyingine. Nukta ambazo kwazo ni kweli ndizo mstari. Hilo ndilo walilolifungua wanahisabati wawili Wafaransa: Descartes, aliyechapisha jiometri yake mwaka 1637, na Fermat, ambaye alionyesha kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye visivyojulikana viwili hutoa mstari mnyoofu, ingawa kazi yake hiyo ilipigwa chapa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kufa kwake. Hakuna aliyekuwa anajaza fomu.

Herufi zenyewe si kitu. Anayesoma kwa mtindo wa Uingereza ataandika y = mx + c; Marekani wanaandika y = mx + b; Italia y = mx + q; Urusi y = kx + b. Uswidi wanaandika y = kx + m, na hapo m ndiyo mahali mstari unapokata mhimili wa y. Nilimwambia hilo la Uswidi, akaona ni mzaha. Nikamuuliza mwanafunzi wa huko atajuaje ipi ni ipi. "Ataangalia ipi imeshikana na x," akasema. Jibu zuri kuliko nililokuwa nimeliandaa.

Niliweka mtego mmoja wa mwisho: (3, 1) na (3, 6). Akatafuta mteremko, akapata 5/0, akaandika m = 0. Kosa la kawaida sana, wala sikulikatiza. Akaendelea: y − 1 = 0(x − 3), y = 1. Halafu, bila kuambiwa, akaichukua nukta ya pili na kuiweka ndani. Sita ni sawa na moja. Akapiga mstari juu ya kazi yote.

"Haina mteremko," akasema.

"Haina, au ni sifuri?"

Akachora. Mstari ukasimama wima. Tukalinganisha na ule wa mlalo, y = 4, ambao kweli una mteremko wa sifuri: unaenda kulia bila kupanda. Huu wa wima haujaenda kulia hata kidogo, kwa hiyo hakuna cha kugawanyia. Nikamuuliza nukta zote za mstari huu zinakubaliana nini. Tatu. Akaandika x = 3, kisha akasita, kwa sababu hakukuwa na y popote. Alizoea kuiona pale. Nikamwambia aulize (3, 100) kama inautimiza. Inautimiza. Na (4, 1)? Hapana. "Kwa hiyo y haijaulizwa kitu," akasema, na hivyo ndivyo ilivyo. Umbo la y = mx + c haliwezi kuuandika mstari huu kwa namna yoyote ile. Umbo la ax + by = k linaweza: weka b = 0. Kwa sababu hiyo peke yake ningependa wanafunzi wakutane nalo mapema, hata kama halikuambii mteremko papo hapo.

Mistari sambamba haikutuchukua muda, maana alishaichora mwenyewe kwa bahati mbaya. Mstari ulio sambamba na y = −2x + 3 unaopita (5, 1): y − 1 = −2(x − 5), y = −2x + 11. Inayokatana kwa pembe mraba, ambayo mteremko wake ukizidishwa na wa mwenzake hutoa −1, tuliiacha kwa siku nyingine.

Wiki iliyofuata alirudi na zoezi ambalo sikuwa nimelipanga mimi: nukta tatu, (−2, 7), (4, −5) na (10, −16), je, ziko kwenye mstari mmoja? Njia iliyotarajiwa ni kupata miteremko miwili na kuilinganisha. Yeye hakutafuta mteremko wowote. Alizitambua mbili za kwanza, akaandika y = −2x + 3 kutoka kichwani, akaipachika 10 mahali pa x, akapata −17. Chini yake akaandika: "Haipo. Iko juu ya mstari kwa mraba mmoja."

Karatasi ya miraba ilikuwa bado imekunjwa ndani ya daftari.